Wanandoa Tu

Kibao chenyewe kilikuwa cha bati jeupe, maandishi ya rangi nyekundu, kimepigiliwa misumari getini: CHUMBA KINAPANGISHWA. WANANDOA TU. Ile "tu" ilikuwa imepigiwa mstari, mtu asije akadhani mwenye nyumba anatania. Nimeishi Njombe mjini miaka mingi nikifuma masweta ya shule kwa mashine, na nimesoma vibao vya kila aina, vya kukataza kukojoa ukutani na vya kukataza kumwaga taka. Hiki cha Makambako ndicho cha kwanza kunikataza mimi mwenyewe.

Nilihamia Makambako kwa ajili ya mama. Alikuwa kijijini Mdandu peke yake, presha inapanda, miguu inavimba hadi viatu havimwingii, na daktari alitaka kumwona mara kwa mara. Kumpandisha gari na kumshusha kila akihitajika kliniki ilikuwa kumuua kidogo kidogo. Mimi kazi yangu ni mashine na nyuzi, popote naweza kufuma, na wenye maduka ya sare wanaonunua masweta yangu lazima wapite Makambako. Nilichotaka ni chumba kimoja chenye dirisha na mlango unaofungwa, kisicho mbali na hospitali. Niliona ni jambo dogo.

Wakati tunatafuta, tulilala kwenye stoo nyuma ya duka la mama anayeniuzia nyuzi. Alitupa kwa wema, lakini alisema mapema kwamba mwisho wa mwezi mzigo wake ukifika itabidi tupishe. Sakafu ilikuwa ya saruji tupu. Anayeujua upepo wa Makambako wa mwezi wa sita hahitaji kuelezwa, na ambaye haujui nimwambie tu kwamba ulikuwa ukipita chini ya mlango na kumkuta mama mgongoni, hata nilipoziba na magunia. Asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba zaidi ya jana. Ndiyo maana nilisimama mbele ya geti lile nikajifanya sikusoma kibao.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu, mtu wa kuvaa koti la suti hata anapowamwagia kuku pumba. Alikuja getini akatutazama, kisha akatazama nyuma yetu, kama mtu anayesubiri mzigo uliobaki ushushwe.

"Kamwene, baba," nikamsalimia.

"Kamwene. Mume wako yuko wapi?"

Hakuuliza jina langu wala kazi yangu. Hata kama nina kodi hakuuliza, na mwenye nyumba asiyeuliza kodi ujue amepagawa na jambo kubwa zaidi.

"Sina mume, baba. Nipo na mama yangu."

"Na mama, mzee wake yuko wapi?"

"Makaburini Mdandu," mama akamjibu mwenyewe. "Ukipata nafasi nenda ukamsalimie."

Mzee hakucheka. Alitueleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha kipaimara, kwamba yeye hana ubaya na mtu, ila wanawake wasio na waume wanaleta wanaume, na wanaume wanaleta ugomvi, na nyumba yake ni ya maadili. Wakati anayasema hayo, mlango wa chumba cha mbele ulifunguka akatoka msichana na taulo. Chumba kile kilipangwa na dereva wa malori ambaye mke wake wa ndoa anaishi Songea, na msichana huyo, tulielezwa baadaye na majirani, alikuwa shemeji. Mwezi uliopita kulikuwa na shemeji mwingine. Dereva huyu alikuwa mwanandoa, kwa hiyo maadili yalikuwa salama.

Tulizunguka nyumba nyingine. Sitaki kuzisimulia zote kwa sababu wenye nyumba wa mji ule wana mawazo machache na wanaazimana. Mmoja alisema wanawake tunatumia maji mengi. Mwingine alikuwa tayari kutupa chumba, ila alitaka kaka yangu au baba mdogo aje kwanza "kututambulisha". Nina umri wa kuwa na wajukuu kama ningejaliwa watoto, nimejenga nyumba ya mama kijijini kwa mikono hii, nimewavisha masweta watoto wa nusu ya shule za Njombe, na bado nilitakiwa kutambulishwa na baba mdogo ambaye mwenyewe nikimwona namficha chupa.

Dalali wetu, kijana wa kofia na maneno mengi, ndiye aliyetufumbua macho. "Dada, mbona unajitesa? Si uchukue mume?"

"Nimchukue wapi?"

"Yupo wa stendi. Anaendesha bajaji. Anakuja na shati safi, anasalimia, anakagua choo, anauliza habari za umeme, mnapewa funguo. Baadaye unasema amesafiri kikazi."

Nikamuuliza kama huyo mume amewahi kuoa pale kwenye kibao cha maandishi mekundu. Dalali akacheka hadi akashika ukuta. Alikuwa ameshaoa pale mara mbili. Na mwenye nyumba alimfahamu?

"Anamfahamu vizuri. Hata jina anamwita. Anachotaka yule mzee ni mwanaume atangulie kuingia, basi."

Hapo ndipo dharau yangu ilipokomaa. Kama mzee angeamini upuuzi wake kwa dhati ningemwonea huruma, maana kuna watu wamelelewa hivyo. Lakini aliyapokea maigizo huku akijua ni maigizo, na aliyekataa kuigiza ndiye aliyebaki nje. Mama alimsikiliza dalali hadi mwisho, kisha akasema yeye aliolewa kanisani, akakaa na mume wake mpaka akamzika, na hana nguvu za kupata mkwe wa bajaji uzeeni. Tukarudi stoo.

Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa. Alikuwa akila mahindi ya kuchoma, na hakuona sababu ya kuyaweka chini. Nikamwambia Katiba inasema watu wote ni sawa na hairuhusu ubaguzi. Akatafuna, akameza.

"Dada, Katiba iko Dodoma. Hapa tunaongelea nyumba ya mtu."

Kumbe hatukuwa wachache. Mama wa nyuzi alinipeleka saluni moja nyuma ya soko, ambako wanawake wenye shida kama yangu walikuwa wanakutana Jumatano, siku ambayo wateja ni wachache. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari ambaye hajaolewa, mama lishe aliyeachwa, wajane kadhaa, na mhudumu wa baa. Walishakubaliana kulipeleka suala hili kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, mwenyekiti akiwepo, ili wenye nyumba waulizwe mbele ya watu sheria ya kutaka waume wameitoa wapi. Niliwapenda mara moja. Upendo huo ulidumu kama nusu saa.

Mwalimu alisimama akasema, kwa Kiswahili chake safi, kwamba ni muhimu tupeleke mbele "wanawake wanaojiheshimu", na kwamba kwa nia njema kabisa angeshauri dada yetu wa baa asionekane sana siku hiyo, tusije tukaharibu hoja. Wajane wakaitikia kwa vichwa. Nikawatazama wanawake wale, kila mmoja ametoka kuchambuliwa getini kama maharage, na kitu cha kwanza walichofanya walipopata chumba cha kukaa ni kuanza kuchambuana. Nikawaambia hivyohivyo. Mwalimu akaniambia mimi ni mgeni sijui mazingira.

Yule wa baa alikuwa anasukwa. Hakugeuka, maana nywele zilikuwa zimeshikwa. "Mimi nimefukuzwa kwenye nyumba nyingi kuliko ninyi wote," alisema. "Kama mnaona nisiseme, tafuteni mwenye uzoefu kunizidi." Hakupatikana. Akabaki kwenye orodha ya wasemaji, na mwalimu akakunja sura mpaka tulipoachana.

Jumapili iliyotangulia mkutano tulikwenda misa. Mama hutembea polepole, tukachelewa, tukapata nafasi pembeni karibu na nguzo. Mbele yetu kidogo alikaa mwenye nyumba na koti lake, na pembeni yake mkewe, mama mnene mpole mwenye kitambaa cha kichwa cha rangi ya samawati. Ulipofika wakati wa komunyo, mabenchi yakaanza kusimama moja baada ya jingine. Benchi lao likasimama. Yeye hakusimama. Mkewe naye hakusimama. Watu wakawaruka magoti wakapita, na yule mzee akawa anasoma kitabu cha nyimbo kwa bidii, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyekuwa akiuimba.

Kwetu jambo hilo halihitaji mfasiri. Mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani hawaendi kupokea komunyo. Hakuna anayewacheka, kwa sababu ni wengi. Wengine walisubiri familia zikubaliane, wengine walisubiri uwezo wa kufanya sherehe, miaka ikapita, watoto wakaja, na benchi likawa lao. Kila mmoja parokiani anajua nani hubaki amekaa. Lakini mtu anayebaki amekaa, kisha akaenda kwake akapigilia bati la wanandoa tu! Nilifurahi kwa namna isiyofaa kanisani. Niliona nimepata fimbo, na nilishaanza kuipima uzito wake.

Tulipotoka mama alinishika mkono. "Nimekuona ulivyokuwa unatazama. Usiende kulisema hilo mkutanoni."

"Kwa nini nisiseme? Yeye ananiuliza mume getini mbele za watu."

"Yule mama je? Amekosa nini? Ukimpiga mzee kwa hilo, atakayeumia ni mkewe. Yeye hajakuuliza kitu."

Nilimkasirikia mama siku nzima. Yeye ndiye aliyekuwa na miguu kama mito, yeye ndiye aliyelala saruji, na yeye ndiye aliyeninyang'anya kitu pekee nilichokuwa nacho. Nilimpikia uji bila kusema neno. Akaunywa wote, akaomba mwingine.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, kwani habari za wanawake wanaogombania vyumba zinavutia kuliko habari za mitaro. Mwalimu alisoma hoja vizuri, lazima niseme. Mhudumu wa baa akasimulia alivyotolewa vyombo nje mvua ikinyesha kwa sababu anarudi usiku kutoka kazini, wakati mlinzi, jirani yake wa mlango wa pili, naye alikuwa anarudi asubuhi na hakuna aliyemuuliza. Alisema bila kulia na bila kuremba. Mwalimu alikuwa wa kwanza kupiga makofi, nikampunguzia hasira kidogo.

Kisha wenye nyumba wakamsimamisha mstaafu wetu awasemee. Alifunga kifungo cha koti. Akaanza na msingi wa taifa, akapitia malezi, akagusa mmomonyoko, akatua kwenye magonjwa. Alitumia maneno makubwa ya ofisini, yale ambayo mtu huyatumia akiwa hana kitu ndani yake. Wenzake wakamshangilia.

Ilipofika zamu yangu, fimbo ile ilikuwa mdomoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na miguu yangu, ameshika pindo la sketi yangu kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi. Nikasema mambo yangu tu. Nikaeleza stoo, upepo, na hospitali. Nikaeleza habari ya mume wa bajaji, na kwamba mume huyo ameshaoa mara mbili kwenye nyumba ya baba aliyetoka kuzungumza, na baba anamwita kwa jina.

Watu wakaangua kicheko. Kule nyuma mtu akauliza kama mume huyo ana nafasi wiki ijayo. Mzee akasimama tena bila kupewa ruhusa, mishipa imemtoka shingoni.

"Mimi sitaki wahuni wa stendi," alisema. "Nasema wanandoa halali, waliofunga ndoa. Mwanamke ambaye hakufunga ndoa hana nafasi kwenye nyumba yangu. Na hilo silirudii."

Aliyasema hayo mbele ya mtaa mzima unaomwona Jumapili akiwa amekaa. Sidhani alitambua alichosema. Ameishi na uongo wake muda mrefu, ameuzoea, ameacha kuuona. Kicheko kilikatika. Watu wakaanza kutazama viatu vyao, kila mmoja akijifanya hajasikia, nami nikauma meno kwa sababu mama alikuwa bado ameshika sketi.

Mkewe akasimama. Alikuwa upande wa akina mama, na kitambaa chake kilekile cha samawati. Hakupaza sauti, ila palikuwa kimya, kila mtu alimsikia.

"Mwenyekiti, naomba nami nipangiwe siku ya kuhamisha vyombo vyangu," alisema. "Mimi na huyu baba hatujafunga ndoa. Nilimwomba tukafunge tangu mtoto wa kwanza. Huyo mtoto sasa ana watoto. Kama mwanamke asiyefunga ndoa hana nafasi kwenye ile nyumba, basi mimi ndiye nianze kutoka."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mzee alibaki amesimama, anafungua kifungo cha koti na kukifunga. Nilimdharau sana wakati ule, na nilijidharau mwenyewe pia, kwa sababu nilikuwa nimepanga kumtumia mama huyu kama jiwe la kumpigia mtu.

Mwenyekiti akakohoa na kusema kuwa mtaa unaazimia vibao vya namna hiyo viondolewe, na wapangaji wasiulizwe habari za waume zao. Aliongeza haraka kwamba ni makubaliano ya kiungwana, siyo amri. Uungwana wa wenye nyumba wa Makambako ulikuwa huu: waliondoa vibao, wakaendelea kuuliza. Wawili watatu waliacha kweli, na hao ndio waliompokea mwalimu na mjane mmoja. Kwa mhudumu wa baa ilichukua muda zaidi, na tuligombana zaidi, na hadi leo bado tunakutana Jumatano.

Mzee wetu yeye alikuja na akili mpya. Alibandua bati, akakimbilia parokiani kuulizia ndoa ya haraka, ili akishafunga alirudishe. Tuliyapata hayo kwa mkewe mwenyewe, alipokuja stoo kumjulia hali mama. Alikaa juu ya gunia la nyuzi, akakataa kiti.

"Miaka yote hiyo alikosa nafasi," alimwambia mama. "Leo anataka kunioa kwa ajili ya bati. Nimemwambia angoje. Mimi si nilingoja?"

Mama akacheka mpaka akakohoa. Kisha yule mama akafungua fundo kwenye pindo la kitenge akatoa ufunguo. Chumba cha uani, alisema, alikijenga yeye kwa viazi vya shamba lake, tofali kwa tofali, na mtaa mzima uliona nani alikuwa akibeba maji ya kufyatulia. Kina dirisha na sakafu, na hospitali iko karibu. "Msimwombe yeye. Chumba ni changu, nawapangisha mimi. Njooni kesho."

Tukahamia. Mhudumu wa baa alinisaidia kubeba mashine, mwalimu akabeba magunia ya nyuzi na kulalamika njia nzima kwamba yanamchafua. Dalali naye akatokea kudai chake, nikamwambia akadai kwa mume wangu wa stendi.

Mchana ule nilimlaza mama kitandani, kitanda cha kweli, miguu yake nikaiinua juu ya gunia. Jua lilikuwa linaingia dirishani. Nilikuwa naipanga mashine ukutani mlango uliposukumwa, na mwenye nyumba akaingia hadi katikati ya chumba, na koti lake. Akaanza moja kwa moja. Nyumba hii ina utaratibu wake, alisema. Wageni wa kiume mwisho saa mbili usiku. Uani hakuna kusimama na watu. Na taarifa itolewe mapema kama kuna mtu yeyote anakuja kulala.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Baba, kamwene."

Mzee akakatika. "Kamwene," akajibu.

"Chumba hiki kimepangishwa. Sisi ni wanawake, tunaweza tukawa tunabadilisha nguo. Toka kwanza nje, ubishe hodi."

Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama nje mlangoni. Mkewe alikuwa uani anapepeta mahindi, ameacha kupepeta. Mzee akatoka. Nikamsikia akivuta mlango nyuma yake. Pakapita muda kidogo, kisha akabisha, kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo.

"Hodi."

Mama akanyoosha mkono nikampa vidonge vyake. Akaviweka mdomoni, akashushia na maji, akanirudishia kikombe, akajifuta midomo kwa pindo la kanga. Ndipo akauliza, "Nani?"